Uongo Mmoja Kila Jumamosi

Mwanamke aliyeingia dukani asubuhi ile ya Machi alikuwa amelowa mvua mpaka magotini, na alichokuwa akikitafuta hakikuwepo katika duka lolote la Tabora. Alitaka kitabu cha watoto kinachoeleza habari za nyota, na alitaka kiwe cha Kiswahili.

Urmi alikuwa ameketi nyuma ya kaunta, mahali alipoketi kwa miaka hamsini na zaidi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba nyeusi ya kiatu. Nyuma yake zilipangwa daftari, rula, mikebe ya hesabu na maboksi ya chaki. Watu wa mtaa ule wa sokoni walimwita Mama Mitesh, kwa jina la mwanawe ambaye ndiye aliyeendesha duka siku hizi. Wachache sana walijua kwamba alizaliwa katika chumba cha nyuma cha duka lile lile, mwaka wa hamsini na nne, baba yake Premji akiwa bado anauza kanga na mafuta ya taa.

"Shikamoo, mama," alisema mgeni.

"Marahaba. Cha nyota hatuna. Tuna atlasi, tuna vya hesabu. Cha sayansi cha darasa la tano kimekwisha, na hata humo nyota zina ukurasa mmoja tu."

Mgeni alijikung'uta maji, akajieleza. Jina lake Mwanamkuu. Alikuwa anaendesha kipindi cha watoto katika redio moja ndogo iliyokuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Kipindi kilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, na alikabidhiwa yeye kwa sababu hakuna mtangazaji mwingine aliyekitaka. Wiki iliyopita mtoto mmoja wa Bukene alikuwa ametuma ujumbe wa sauti akiuliza mwezi huenda wapi siku zile usipoonekana.

"Nikamwambia nitamjibu Jumamosi ijayo," alisema Mwanamkuu. "Jumamosi ijayo ni keshokutwa, na mimi mwenyewe sijui."

"Hauendi popote," alisema Urmi. "Unakuwa upande wa jua. Unachomoza nalo na kuzama nalo. Upande wake unaopigwa na mwanga uko kule kwenye jua, sisi tumeelekezewa ule wa giza."

Alisema hivyo huku akipanga kalamu kwenye kopo, kama mtu anayetaja bei ya daftari.

"Mama, wewe umejuaje?"

Urmi aliinuka, akaingia chumba cha nyuma, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha pamba. Ndani yake kilikuwemo kitabu kisicho na jalada, kurasa zake zimekuwa rangi ya chai ya maziwa, herufi zake za Kigujarati. Baba yake mdogo alimletea kutoka Jamnagar alipokuwa na umri wa miaka tisa, akiwa mgonjwa wa surua, ili atulie kitandani. Alitulia kweli. Alikisoma kikaisha, akaanza upya, na hakuacha. Shule aliachia kidato cha pili, baba yake alipopata kiharusi na duka likakosa mtu, lakini kitabu hakukiacha. Mitesh alipokuwa mdogo alijaribu kumsomea. Mitesh alikuwa akisinzia ukurasa wa tatu, kila mara ule ule wa tatu, na alipokua mapenzi yake yakaangukia pikipiki.

"Kiko kimoja tu," alisema Urmi, "na si cha kuuza. Lakini ukivuta kile kiti, nitakusomea kwa Kiswahili."

Wakasoma mpaka adhana ya adhuhuri. Shida ilikuwa majina. Urmi alizijua sayari kwa Kigujarati tu.

"Hii hapa yenye pete ni Shani," alisema. "Mama yangu aliiogopa. Kila Jumamosi alikuwa anaitolea mafuta ili isituletee balaa."

"Yenye pete ni Zohali," alisema Mwanamkuu. "Marehemu babu yangu alikuwa na vitabu vya falaki. Na ile kubwa kuliko zote?"

"Guru."

"Hiyo ni Mshtarii. Na nyekundu ni Mirihi."

"Mirihi," alirudia Urmi, akaiandika pembeni kwa penseli. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuandika ndani ya kitabu kile.

Mwanamkuu alikuwa ameweka simu yake juu ya kaunta, inarekodi. Jumamosi alirusha maelezo yale kama yalivyo. Katikati ya habari za mwezi ikasikika sauti ya mteja ikiomba kalamu mbili za bluu, na sauti ya Urmi ikimwuliza, "Za kubonyeza au za kifuniko?" kisha akarudi kwenye mwezi bila hata kuvuta pumzi. Wasikilizaji walilipenda hilo kuliko yote. Jumatatu yake mama mmoja alikuja dukani kununua bahasha, akasikia Urmi anaongea, akamwita mwenzake aliyekuwa nje: njoo, yule bibi wa mwezi yuko hapa.

Hivyo ndivyo Urmi, akiwa na miaka sabini na moja, alivyoingia redioni. Kipaza sauti alikiogopa wiki mbili, ya tatu akakizoea. Alisimulia kama alivyozoea kuongea na wateja, polepole na bila mapambo. Aliwaambia watoto wachukue chungwa na ndimu, chungwa liwe dunia na ndimu iwe mwezi, kisha wapime hatua tatu za mtu mzima katikati yao, ndipo watajua mwezi uko mbali kiasi gani. Nyumba nyingi za Tabora zilikosa ndimu za kachumbari Jumamosi ile.

Ujumbe wa sauti ulianza kumiminika kutoka Usoke, Nzega na mitaa ya mjini. Watoto walimwita Bibi Urmi. Jina hilo lilimgusa zaidi ya alivyoonyesha, maana alikuwa bado hajapata mjukuu. Mkwewe Sneha, mke wa Mitesh, ndiyo kwanza alikuwa amegundua kwamba ana mimba.

Mwezi wa Mei ndipo alipojikwaa.

Jumamosi moja alitaja sayari zote tisa, moja baada ya nyingine, na Jumamosi iliyofuata Mwanamkuu akafungua ujumbe wa mtoto hewani bila kuusikiliza kwanza. Sauti ilikuwa ya mvulana, imetulia kabisa.

"Bibi Urmi, shikamoo. Mimi naitwa Erasmus, niko Ntalikwa, nasoma darasa la sita. Mwalimu wetu anasema sayari ni nane. Wewe wiki iliyopita ulisema tisa. Dada yangu ametafuta kwenye simu, naye anasema nane. Sasa nani anatudanganya? Asante."

Studio ikanyamaza. Kimya cha sekunde kumi redioni ni kirefu kuliko ibada. Mwishowe Urmi alisema, "Nitatazama, mwanangu," na Mwanamkuu akaweka wimbo.

Nyumbani alimwomba Mitesh atafute. Mitesh alifuta grisi mikononi, akashika simu, akasoma kwa sauti. Pluto ilikuwa imeondolewa katika orodha ya sayari mwaka elfu mbili na sita. Akaendelea kusoma, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuanza: Zohali, ambayo kitabu cha mama yake kiliipa miezi tisa, sasa ilikuwa inahesabiwa miezi mia mbili sabini na minne.

"Miaka kumi na tisa," alisema Urmi. "Kumi na tisa, Mitesh, na hakuna aliyeniambia."

"Hukuwahi kuuliza, mama."

Urmi alikifunga kitabu kwenye kitambaa chake, akakirudisha sandukuni. Jumamosi iliyofuata hakwenda redioni, alisema goti linamsumbua. Ya pili yake hakusema kitu, hakwenda tu. Aliketi nyuma ya kaunta akiuza rula, na aliona aibu kama mtu aliyekutwa amevaa gauni lililogeuzwa ndani nje katikati ya harusi. Aliyafikiria masikio yote yale madogo aliyoyajaza habari za mwaka sitini na ngapi.

Jumatatu Mwanamkuu alikuja, akavuta kiti kile kile, akaweka simu mezani.

"Ujumbe arobaini na tatu," alisema. "Sikiliza mmoja tu."

Ulikuwa wa msichana aitwaye Amne, wa Usoke, ambako baba yake alilima tumbaku. Alikuwa ameazima simu ya mwalimu. Alisema kwamba darasa lao zima limesikiliza upya vipindi vyote vya Bibi Urmi, na wamepata kosa lingine, la miezi ya Zohali, na wanaomba arudi haraka kwa sababu Jumamosi mbili zimepita hawana kitu cha kutafuta.

"Hawajakukasirikia," alisema Mwanamkuu. "Wanakuwinda. Mtoto wa Usoke anaazima simu ya mwalimu ili akasome habari za miezi ya Zohali. Mimi nimeendesha kipindi hiki miaka mitatu, sijawahi kumfanya mtoto asome hata kibao cha barabarani."

Urmi aliusikiliza ujumbe ule mara ya pili. Kisha aliutaka wa Erasmus, akausikiliza nao. Mwanamkuu aliona tabasamu likianzia upande mmoja wa mdomo, kama mtu anayekumbuka utundu wa utotoni.

"Basi wawinde," alisema Urmi.

Jumamosi ile alirudi hewani. Kwanza alimshukuru Erasmus wa Ntalikwa kwa jina, akakiri kosa lake waziwazi, akaeleza Pluto ni kitu gani na kwa nini wataalamu wameitoa. Kisha akatangaza mchezo. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi, katikati ya maelezo yake yote ya kweli angeweka uongo mmoja. Mmoja tu. Watoto wangekuwa na wiki nzima ya kuutafuta, kwa kuuliza walimu, kusoma vitabu, kutafuta kwenye simu za dada zao, au kutoka nje na kutazama juu. Mwanamkuu akaupa mchezo jina la Mkamate Bibi.

Wengi waliomjua Urmi wakiwa wateja wake hawakuwahi kufikiri kwamba mwanamke yule mpole ana kipaji cha kudanganya. Alidanganya kwa ustadi. Uongo aliuchagua siku tatu kabla, akaufanyia mazoezi mbele ya Sneha, na sauti yake haikubadilika hata kidogo. Alisema mwezini kuna upepo mwanana. Alisema Zuhura ni sayari ya baridi. Mwezi wa Julai alisimulia habari za misafara ya zamani iliyotoka pwani kwenda Ujiji kupitia hapa Tabora: jinsi wapagazi walivyoamshwa kabla ya alfajiri ili watembee jua likiwa bado halijawa kali, jinsi Zuhura ilivyong'aa mbele yao au nyuma yao, na jinsi viongozi wa msafara walivyoitazama Nyota ya Kaskazini juu ya mapori ya Unyanyembe ili wasipotee. Alivyoisimulia, hata Mwanamkuu alijiona na mzigo kichwani.

Walimu waliamini. Mhandisi mmoja wa maji alipiga simu kusema wiki hii Bibi amesahau kuweka uongo. Aliyemkamata ni Erasmus.

"Bibi, shikamoo. Nyota ya Kaskazini haionekani Tabora. Sisi tuko kusini ya mstari wa ikweta, yenyewe iko chini ya ardhi. Nimetoka nje usiku tatu na baba kuitafuta, tukaona miti tu."

Urmi alicheka hewani mpaka akatafuta leso.

Mitesh naye aliingizwa bila kujijua. Alikuwa na mashine ya kuchapa ya duka, na siku moja ya biashara mbovu alichora mchezo wa karatasi unaochezwa kwa dadu na vizibo vya soda, akauita Reli ya Sayari. Treni inaondoka kwenye jua na kupita kituo kwa kituo hadi Neptuni. Atakayetua Zohali lazima azunguke pete yote, kwa hiyo anapoteza zamu mbili, na atakayetua Mirihi anaingiwa na vumbi machoni na kurudi nyuma hatua tatu. Kila aliyenunua daftari alipewa karatasi moja. Katika mabaraza ya mji watoto walisikika wakigombana kwa maneno ambayo hayajawahi kugombaniwa Tabora: umetua Zohali wewe, usijifanye uko Mshtarii.

Kisha ikatangazwa kwamba Jumapili ya tarehe saba Septemba mwezi utapatwa, utapatwa wote, na Tabora itauona tangu mwanzo hadi mwisho, saa za jioni watoto wakiwa bado macho. Mwanamkuu alikuja na mpango ulioiva. Wangekusanya watoto na wazazi wao kwenye uwanja wa shule moja nje kidogo ya mji, na Urmi angesimulia moja kwa moja hewani.

Urmi alisema ndiyo. Usiku huo hakupata usingizi vizuri.

Kupatwa kwa mwezi aliwaeleza watoto vizuri kuliko jambo lingine lolote. Ni kivuli tu. Dunia inaingia katikati, jua nyuma yake, mwezi mbele yake. Alikuwa ameusoma ukurasa ule tangu akiwa na miaka tisa, lakini kwa macho yake hakuwahi kuona. Katika nyumba ya Premji, mwezi ulipopatwa milango ilifungwa na madirisha yakafungwa. Hakuna aliyekula, hakuna aliyetoka, na ukiisha kila mtu alioga. Alipokuwa na mimba ya Mitesh, mama yake alimlaza kitandani saa mbili nzima amenyooka kama rula, asiguse kisu wala mkasi, ili mtoto asizaliwe na kasoro. Alilala pale akikumbuka neno kwa neno ukurasa unaosema ni kivuli tu, na hakuthubutu hata kukunja kidole.

Na sasa Sneha alikuwa na mimba ya miezi sita.

"Mama amepiga simu kutoka Dodoma," alisema Sneha siku ya Ijumaa, wakichambua mchele. "Anasema nisitoke Jumapili. Wewe unasemaje?"

Urmi aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. Alijua jibu la redioni. Alishangaa kuona kwamba tumboni mwake kulikuwa na jibu jingine, la zamani, lenye sauti ya mama yake.

"Mimi nimewaambia watoto wote wa mkoa huu kwamba ni kivuli," alisema. "Na naamini. Lakini nikikuambia siogopi, hapo nitakuwa nimeweka uongo wa wiki hii."

Sneha alicheka, kisha akafikiri. "Basi nitakuja. Nikiogopa nitakaa kwenye gari. Ukiogopa wewe, utakuja tukae wote."

Jumapili jioni walipofika uwanjani walikuta watu wengi kuliko yeyote alivyotarajia. Mwanamkuu alikuwa ameandaa mikeka ya watoto hamsini. Walikuwepo mia tatu na zaidi, na wazazi, na bibi zao waliojifunika vitenge. Watu walikuwa wameleta matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga, na mwuza kahawa alikuwa anapita katikati ya mikeka akigonganisha vikombe vyake. Waumini wa msikiti wa jirani walikuwa wamepanga kusali sala ya kupatwa kwa mwezi, na imamu alimwomba Mwanamkuu apunguze vipaza sauti wakati wa sala. Wakaelewana bila shida. Yeye mwenyewe Mwanamkuu alikusudia kwenda kusali na kurudi.

Mwezi ulichomoza mpana, rangi ya asali kwa vumbi la kiangazi na moshi wa mashamba. Saa moja na nusu Urmi alishika kipaza sauti.

"Tazameni ukingo wake," alisema. "Msinitazame mimi. Mimi nipo kila siku."

Ukingo ukaanza kuliwa. Ulikuwa kama chapati iliyomegwa kidogo, kisha zaidi. Watoto waliokuwa wakikimbizana wakasimama mmoja mmoja. Urmi aliwaambia watazame umbo la kivuli, kwamba ni la mviringo kwa kuwa dunia yetu ni ya mviringo, na kwamba kwenye ule mstari wa giza na sisi tumo, Tabora imo, hata duka lake limo. Mtoto mmoja aliinua mkono, akaupunga juu taratibu, kuona kama kivuli chake kitaonekana kule.

Kuelekea saa mbili na nusu mwanga wote ulikuwa umekwisha, na badala ya mwezi kupotea, ukageuka mwekundu. Wekundu wa shaba iliyosuguliwa, na ghafla nyota zilizokuwa zimefichwa na mwangaza zikatokeza mbinguni kote. Chini ya mwezi, upande wa mashariki, ilisimama moja yenye mwanga wa manjano uliotulia. Mwuza kahawa alinyamazisha vikombe.

Urmi alipaswa kueleza. Alikuwa na maelezo yote tayari: kwamba wekundu ule ni mwanga wa jua unaopita pembeni mwa dunia, ndani ya hewa yetu, kutoka kila mahali ambapo jua linachomoza au linazama saa hiyo hiyo. Aliinua kipaza sauti mdomoni na hakuna neno lililotoka. Miaka sitini na miwili alikuwa amekijua kitu hiki, na hakuna aliyemwambia kwamba ni kizuri.

Redioni kimya kilipita sekunde kumi, ishirini, thelathini. Waliosikiliza majumbani walitoka nje kuona kuna nini.

Hatimaye alisema, "Kwetu tulikuwa tunafunga milango. Mimi hii ni mara yangu ya kwanza. Subirini kidogo, nami nitazame."

Hakuna aliyemharakisha. Mlango wa gari ukafunguka, Sneha akaja taratibu, mkono kiunoni, akasimama kando ya mama mkwe wake. Mkono mwingine ulikuwa na karanga, na alikuwa anatafuna. Urmi alimwona, na kwa nusu pumzi alitaka kumwambia ateme.

"Nipe na mimi," alisema badala yake.

Wakala karanga pale, mbele ya kipaza sauti kilicho wazi, na Tabora nzima ikasikia. Kisha Urmi alieleza wekundu, akaeleza ile nyota ya manjano iliyo chini ya mwezi kwamba si nyota, ni Zohali, na kwamba marehemu mama yake angeona vitu hivyo viwili pamoja angefunga nyumba kwa wiki moja. Wazee wakacheka, maana kila mmoja alikuwa na mama wa namna hiyo. Mwanamkuu alirudi kutoka msikitini, viatu mkononi, akachukua kipaza sauti na kuwauliza watoto kama Bibi ameweka uongo wake wa wiki. Walifikiri, wakasema hapana. Walikuwa sahihi.

Jumamosi iliyofuata simu hazikukatika. Iliyoshangaza ni ya mtu mzima, sauti nzito yenye lafudhi ya Kisukuma.

"Mwangaluka. Mimi naitwa Masolwa, niko Igunga, nachunga ng'ombe. Si mtoto, lakini wajukuu wangu wananisikilizisha. Nimeruhusiwa kumkamata Bibi?"

"Umeruhusiwa, mzee," alisema Mwanamkuu.

"Bibi, Jumamosi moja ulisema kilimia ni nyota saba. Watoto wote walikubali. Hilo umesoma kitabuni. Umewahi kuzihesabu mwenyewe?"

Urmi alifikiri. "Sijawahi, mzee."

"Mimi baba yangu alinifundisha. Kilimia kikichomoza jioni giza linapoingia, tunajua mvua ziko karibu, tunashika majembe. Nimekitazama miaka hamsini. Mimi naona sita. Mke wangu anaona nane, na macho yake mabovu. Siku hizi kinakuwa juu kabisa kabla ya alfajiri. Amka saa kumi na moja, utazame, kisha uniambie."

"Na baba yako alikufundisha nyota zipi nyingine?" aliuliza Urmi. Alikuwa amevuta daftari karibu na kuvaa miwani. "Sema taratibu, naandika."

Masolwa alisema, na kipindi kikapitiliza muda wake kwa dakika ishirini. Mkuu wa redio hakulalamika, alikuwa anasikiliza.

Jumapili saa kumi na moja alfajiri Urmi alitoka uani amejitanda shali. Sneha, ambaye usingizi ulikuwa unamkimbia siku hizo kwa uzito wa mimba, alimfuata na viti viwili. Kulikuwa na baridi kidogo, na treni ilisikika mbali ikipiga honi kuingia stesheni. Kilimia kilikuwa juu ya paa la jirani, kidogo, kimejikusanya kama vifaranga.

Urmi alihesabu akapata sita. Akapangusa miwani, akahesabu upya, akapata saba, lakini ya saba hakuwa na uhakika nayo. Sneha alihesabu kwa kidole, akasema ni tisa.

"Tisa haiwezekani."

"Nimehesabu, mama. Hesabu na ile ya pembeni."

"Ya pembeni si yao."

"Nani kasema si yao?"

Walibishana kwa sauti ndogo, wakashindwa kujizuia, sauti zikakua. Mwishowe Sneha alikwenda kugonga dirisha la chumba chao, akamwamsha Mitesh aje awahesabie.